Chakula Kimefika Getini, Mlangoni Bado: Kutafuta Chanzo Oda Zinapokwama Kwenye Maghorofa

Napika mchana na usiku hapa Dar es Salaam, na oda zangu nyingi zinakwenda kwenye maghorofa: Kariakoo, Upanga, Magomeni, na siku hizi Kinondoni pia. Mwaka wa kwanza kila chakula kilipochelewa nilimlaumu kijana wa bodaboda. Nampigia, namwuliza amesimama wapi, naye ananijibu vilevile: "Nimeshafika, nipo hapa chini." Mteja naye ananipigia: "Sijaona mtu." Ilinichukua muda kukubali kwamba wote wawili wanasema kweli. Mmoja yuko chini, mwingine yuko juu, na kati yao kuna geti, mlinzi, ngazi na lifti, vitu ambavyo mimi jikoni sivioni.

Nawaandikia wenzangu wanaopika na kutuma chakula, hasa wenye jiko dogo na vijana wawili watatu wa pikipiki. Nimeanza na yanayonitokea mara nyingi, yale madogo nimeyapitia haraka.

Kwanza jua dakika zinapotelea wapi

Chukua daftari. Kwa kila oda andika nyakati tatu: chakula kilipotoka jikoni, pikipiki ilipofika getini, na mteja alipopokea. Fanya hivyo wiki moja tu. Kama muda mwingi umekwisha kati ya jikoni na geti, tafuta kwenye foleni ya barabarani, au angalia kama unamkabidhi kijana oda nyingi za njia tofauti kwa mkupuo. Kama umekwisha kati ya geti na mlango, shida iko kwenye jengo, na kubadilisha dereva hakutakusaidia kitu.

Usizidharau dakika hizo. Oda 12 za mchana, kila moja ikipoteza dakika 10 chini ya jengo, ni saa mbili nzima. Muda wa watu kula mchana hauzidi saa mbili.

"Nimefika, ila jengo silioni"

Chanzo cha kwanza kiko kwenye maneno yetu wenyewe. Jengo zima tunaliita ghorofa, na kila floo ndani yake tunaiita ghorofa. Mteja akisema "njoo ghorofa ya tatu baada ya msikiti", anamaanisha jengo la tatu ukitoka msikitini au floo ya tatu ya jengo lililo baada ya msikiti? Niliwahi kutuma sahani nne za pilau kwa maelekezo hayo. Kijana akapanda hadi floo ya tatu ya jengo la kwanza, akagonga mlango wa watu wasiojua habari yoyote, kisha akashuka kuanza upya. Tangu siku hiyo, nikiongea na mteja nasema "jengo" na "floo", na neno ghorofa silitumii kabisa.

Chanzo cha pili ni ile pini ya ramani. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti. Mahali pa wazi inakosea mita chache tu, lakini katikati ya majengo marefu mawimbi hugonga kuta na kurudi, pini ikarukia mtaa wa nyuma. Kwa Kariakoo, mtaa wa nyuma ni jengo jingine lenye mlango mwingine na mlinzi mwingine. Tena kuna mteja anayetuma pini akiwa bado kazini Posta, halafu anataka chakula kimkute nyumbani. Na hata pini iwe sahihi vipi, haijui floo.

Chanzo cha tatu ni kudhani namba ya anwani inatosha. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 imetusaidia sana, kwani mitaa imepata majina na nyumba zimepata namba. Lakini namba ile inakufikisha kwenye jengo tu. Pale Magomeni Kota zimejengwa nyumba 644 kwenye eneo moja, majengo yanafanana rangi na madirisha. Ukimwambia kijana "Magomeni Kota" bila kumpa jengo na mlango, umemwambia atafute mtu mmoja kati ya kaya 644.

Sasa nauliza hivi kabla sijawasha jiko: mtaa gani na namba ya kibao ni ipi, jengo limeandikwa jina gani ukutani, mnaingilia upande gani, na namba ya mlango. Kisha linakuja swali lililonisaidia kuliko yote: "Ukiingia kwenye lifti unabonyeza namba ngapi?"

Swali hilo linamaliza ubishi wa kuhesabu. Kuna anayeihesabu ya chini kama ya kwanza, na kuna anayeanza kuhesabu akishapanda ngazi. Kwenye majengo mengi ya Kariakoo floo za chini ni maduka na stoo, kwa hiyo mkazi anasema "naishi ya pili" akimaanisha ya pili kuanzia zilipoanza nyumba za kuishi, kumbe kwenye lifti ni 5. Kitufe hakibishani na mtu. Jengo lisilo na lifti, uliza mlango uko wa ngapi kutoka chini, na ukipanda uko kulia au kushoto.

Majibu yahifadhi kwenye jina la mteja ndani ya simu. Wangu wengine wameandikwa "bonyeza 6, kushoto, nondo nyeupe". Oda ya pili humwulizi tena.

"Mlinzi amenizuia"

Hapa tunakosea kwa kumwona mlinzi kama adui. Vaa viatu vyake. Kitu kikiibiwa floo ya saba, wa kwanza kuitwa ni yeye. Anakuja kijana asiyemjua, kavaa helmeti hadi usoni, kabeba begi kubwa mgongoni, anasema "napeleka chakula kwa Mama Junior". Mama Junior wapo wanne humo ndani, na kwenye daftari lake hakuna hata mmoja aliyeandikwa hivyo. Mimi ningekuwa mlinzi ningemzuia pia.

Kwa hiyo tafuta sababu ni ipi kati ya hizi. Kama mlinzi hajui anayekwenda kwa nani, tatizo ni jina: mchukue mteja jina lake kamili pamoja na lile analojulikana nalo pale jengoni, maana jina linalotokea kwenye muamala wa simu mara nyingi silo majirani wanalomwita. Kama anajua ila ana amri ya kutoingiza pikipiki, usishindane naye, tafuta mapema pa kuegesha. Kama anamruhusu mmoja leo na kesho anamkatalia mwingine, angalia saa. Walinzi wengi hupokezana saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Makubaliano uliyofanya na wa mchana, wa usiku hayajui, na oda za chakula cha jioni zinaanza kufika wakati huohuo wanapokabidhiana. Miezi miwili nilikuwa nadhani mlinzi wa jengo fulani ana kigeugeu, kumbe walikuwa watu wawili.

Dawa iliyonifaa ni barua. Nilimwandikia msimamizi wa jengo lenye wateja wangu wengi ukurasa mmoja: majina ya vijana wangu, namba za pikipiki zao, saa tunazoleta chakula, na namba yangu ya simu likitokea lolote. Akaibandika kwenye kibanda cha mlinzi. Iko pale mpaka leo, na walinzi wote wawili wanaisoma.

Na kijana afundishwe adabu ya getini. Avue helmeti kabla hajafungua mdomo. Mlinzi akiwa mtu mzima, ni "shikamoo mzee" kwanza, chakula baadaye. Nimeona geti likifunguka kwa salamu tu, na nimeona likifungwa kwa kijana aliyepiga honi.

Pesa ya kila kuingia mimi sitoi. Ukiitoa mara moja inakuwa ushuru, na wenzako wote watatozwa kwa sababu yako.

"Napiga, simu haipokelewi"

Mteja ameagiza mwenyewe, ana njaa, halafu hapokei. Inaudhi, lakini sababu zake zinaeleweka. Watu wamechoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo namba ngeni hawaipokei. Na namba ya bodaboda ni ngeni. Kijana anapoondoka jikoni, mimi mwenyewe namtumia mteja ujumbe: chakula kimetoka, anakileta fulani, atakupigia kwa namba hii. Ujumbe mmoja wa namna hiyo unapunguza kero kwa kiasi kikubwa.

Sababu nyingine: simu iko chaji chumbani na mteja yuko jikoni anaosha sahani. Au mteja anashuka, yuko ndani ya lifti, na lifti ni sanduku la chuma, mtandao humo hupotea. Kijana akisikia "haipatikani", asubiri dakika mbili kabla ya kukata tamaa. Chukua pia namba ya pili, ya mtu mwingine aliye nyumbani.

Weka kikomo. Kwangu ni simu tatu ndani ya dakika kumi, kisha kijana ananipigia mimi na kuendelea na oda nyingine. Hasara ya chakula hicho haimhusu. Nasema hivi kwa nguvu kwa sababu nimeona wenye biashara wakimkata kijana pesa kwa mteja asiyepokea simu. Yeye hakuchagua mteja wala hakupokea oda.

"Hataki kupanda juu"

Hili ndilo lalamiko kubwa la wateja: dereva wako mvivu, ananiambia nishuke. Niliamini hivyo hadi nilipokwenda naye siku moja, nimekaa nyuma ya pikipiki, begi la chakula mapajani.

Tulisimama chini ya jengo moja la Kariakoo saa saba mchana. Kwenye begi kulikuwa na oda tano, za majengo matatu. Akatoa oda moja, akalitazama begi, akaitazama pikipiki, akatazama watu waliopita: wapagazi, machinga, mikokoteni. Akaniambia, "Mama, leo upo, utanilindia. Kesho nikipanda, hii namwachia nani?"

Pikipiki ile si yake. Yuko kwenye mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa mwenye chombo hadi amalize, ndipo kiwe chake. Ikiibiwa wakati yuko floo ya nane anagonga mlango, deni linabaki na kazi imekwisha. Kwa sahani moja ya wali. Nilimtazama usoni nikaona aibu kwa maneno niliyokuwa nikimtolea kwenye simu.

Kwa hiyo mteja akilalamika kwamba dereva hapandi, uliza kwanza pikipiki inabaki wapi. Kama kuna maegesho ambayo mlinzi anayaona, mwombe mlinzi, na kijana apande na begi lake lote. Kama hakuna, panga oda za jengo hilo kwa mkupuo mmoja na umpe msaidizi wa kulinda chombo. Nimejaribu njia hii siku za Ijumaa na inanilipa, kwa sababu mmoja anapanda wakati mwingine anapiga simu za oda inayofuata. Anayepanda aanze na floo ya juu kabisa kwa lifti, kisha ashuke kwa ngazi akigawa. Kusubiri lifti mara nne ndani ya jengo moja ndiko kunakoua muda.

Kama vyote viwili haviwezekani, weka bei mbili wazi wakati wa kupokea oda: ya kuletewa getini, na ya kuletewa mlangoni. Nyongeza ya mlangoni yote ni ya kijana. Wateja wengi wakielezwa wanakubali, na wanaochagua geti wanashuka bila kununa kwa sababu wamechagua wenyewe. Mzee, mgonjwa, mama mwenye kichanga, hao napeleka mlangoni bila nyongeza na kijana namlipa mimi.

Umeme umekatika

Kuna majengo ambayo jenereta huwasha taa za ngazi tu, lifti inabaki imelala. Floo moja ina ngazi kama 17 hivi, kwa hiyo floo ya tisa ni zaidi ya ngazi 150, na kijana ana begi la chakula na maji ya chupa. Kabla ya kutuma oda ya juu, mwulize mteja: "Umeme upo?" Swali la sekunde tatu. Kama haupo, mpangane palepale kwenye simu, maana wakibishania chini ya jengo chakula kinapoa.

Kimefika kimelegea, kimemwagika, au kina harufu

Chipsi zikilegea, mteja anadhani zilikuwa za jana. Kinachozilegeza ni mvuke wake zenyewe. Umezifunga zikiwa za moto kwenye boksi lisilopumua, na zile dakika 15 za kusubiri getini zimezipika upya kwa maji. Toboa matundu mawili pembeni ya boksi, acha mvuke utoke kidogo kabla ya kufunika, na kachumbari ikae peke yake.

Mchuzi ukimwagika, angalia mfuko kwanza. Tangu vibebeo vya plastiki vipigwe marufuku Juni 1, 2019, tunatumia mifuko mbadala. Mizuri, lakini ile laini ikilowa mchuzi kitako chake hakina imani, na ngazi za floo nne zinatosha kuumaliza. Mchuzi na supu weka kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, kopo liwe wima chini, vyepesi juu yake.

La harufu ndilo zito kuliko yote, na hapo sitanii na mtu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kitunzwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, na kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wali wa nazi na samaki wa nazi kwa joto la Dar havikupi nafasi ya kukosea. Oda iliyozunguka na kurudi kwa sababu mteja hakupatikana haiuzwi kwa mtu mwingine. Haipashwi moto na kutumwa tena. Ihesabu kuwa hasara, kisha rudi kwenye daftari uone ilikwama wapi.

Chakula kimepokelewa na mtu mwingine

Mara nyingi kimeachwa kwenye meza ya mlinzi bila alama. Andika juu ya mfuko jina, namba ya kitufe cha lifti, na tarakimu tatu za mwisho za simu ya mteja. Anayepokea azitaje tarakimu hizo. Asipozijua, hapewi, hata akisema ni mdogo wake.

Malipo

Usimwache kijana mlangoni akisubiri mteja atafute chenji kwa jirani. Wateja wapya nawaomba walipe kwa lipa namba kabla pikipiki haijaondoka, na naangalia salio kwenye simu yangu mwenyewe. Ujumbe ambao mteja anamwonyesha dereva kwenye kioo cha simu yake si uthibitisho. Zipo jumbe za kutengenezwa.

Futari

Mwezi wa Ramadhani una hesabu yake. Mwaka juzi nilituma futari ya familia ya watu sita Upanga: tambi, mihogo ya nazi, kaimati, uji wa pilipili manga kwenye chupa. Kijana akafika saa kumi na mbili na dakika 25. Geti la nondo la mlango wa ngazi limefungwa. Mlinzi kaenda kufuturu. Adhana ikaadhiniwa, simu zote juu zimewekwa kimya, watu wamefungua kwa tende na maji na wameingia kwenye sala. Alisimama pale akiwa amefunga yeye mwenyewe, mikononi ana chakula cha watu. Aliyemfungulia ni mtoto aliyekuwa anashuka kutupa taka. Mwenye nyumba alinipigia kuniomba radhi, wakati mwenye kosa nilikuwa mimi niliyepokea oda nyingi kuliko mikono yangu.

Sasa Ramadhani oda zote za maghorofani zinatoka jikoni saa kumi na nusu, na nimeacha kabisa kupokea baada ya saa kumi. Na kwenye begi la kila kijana kuna tende na maji yake.

Jengo lisilo na lifti wala mlinzi

Upanga bado yapo majengo ya zamani ya floo tatu nne, ngazi nyembamba, geti la nondo chini, na funguo wanazo wakazi tu. Bibi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, anaishi floo ya tatu na magoti hayamruhusu kushuka. Yeye anateremsha kikapu kwa kamba kutoka barazani, pesa ikiwa ndani imefungwa kwenye leso. Kijana anatoa pesa, anaweka chakula, anatikisa kamba mara mbili, kikapu kinapanda.

Mkipata mteja wa namna hiyo, chakula kizito kikae katikati ya kikapu, mchuzi uwe nusu kopo tu, na kijana asiondoke hadi aone mkono umekipokea. Mara ya kwanza kamba ilinasa kwenye nguo zilizoanikwa floo ya pili, na jirani ndiye aliyeinasua. Siku hizi tunampigia bibi tukiwa bado njiani, anahamia upande wa pili wa baraza ambako hakuna nguo.